Vigae Elfu Sita

Mji ule ulikuwa na neno kwa kila kitu, na kwa maneno yake mengi haukuwa na kitu. Ulikuwa na neno la uhuru, na waliolichonga walikuwa watumwa. Ulikuwa na neno la usawa, limewekwa juu kabisa ya Ukuta wa Maneno, mahali ambapo warefu tu waliweza kuligusa. Ulikuwa na neno la ukarimu kwa mgeni, na wenyewe waliliona tamu mno hata wakaona si vizuri kulichakaza kwa kulitumia kila siku. Anayeingia lango kwa mara ya kwanza husimama mbele ya Ukuta ule akashika kidevu, akasema, kweli hawa ni watu. Akikaa wiki mbili hushika kidevu tena, ila si kwa sababu ile ile.

Gharibu alikuwa amekaa zaidi ya wiki mbili. Alikuwa amekaa miaka isiyojulikana idadi yake, kwa kuwa katika Mji ule mwaka haukuhesabiwa, uliitwa tu kwa jina la mkubwa aliyekuwa madarakani, na wakubwa walirithishana majina baba kwa mwana. Ukisema "mwaka wa Evandro" umesema mwaka huu, au mwaka jana, au mwaka ambao babu yako alikuwa hajazaliwa. Wenyewe hawakuona taabu yoyote hapo. Kwao wakati ulikuwa kitu cha kuwasubiri wao.

Alikuwa mgeni mkaazi. Ukutani neno hilo lilielezwa hivi: mtu aliye ndani bila ya kuwamo. Mgeni mkaazi huruhusiwa kufua chuma, kufinyanga, kusuka, kuandika, kufa vitani akihitajika, na kushangilia. Haruhusiwi kusema mkutanoni, kumiliki hata shubiri ya ardhi, wala kuoa kwa wenyeji. Na lazima awe na mdhamini, raia mmoja wa kusimama mbele yake kama mlango unavyosimama mbele ya nyumba. Mdhamini akifa au akiondoka, mgeni wake hupelekwa pale penye jiwe jeupe sokoni, yeye na wanawe, wakauzwa. Haikuhesabiwa kuwa ni ukatili. Kitu kisicho na mwenyewe hutafutiwa mwenyewe, basi.

Mdhamini wa Gharibu alikuwa Evandro, mkubwa huyo huyo aliyekuwa madarakani. Katika daftari la Mji, Gharibu hakuandikwa Gharibu. Aliandikwa "wa Evandro," na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, "na mtoto mmoja." Mwandishi wa daftari hilo alikuwa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kuamriwa.

Maana raia hawakuandika. Hili ndilo lililomchekesha Gharibu miaka yote, akichekea tumboni, mahali ambapo mgeni anaruhusiwa kucheka. Watu waliojaza Ukuta mzima kwa maneno, wao wenyewe hawakujua kuyasoma. Walikuwa wanajua zamani, walisema, babu zao walijua mno, kisha wakaona kazi hiyo inakunja mgongo na kuchafua kucha, wakawaachia watumwa na wageni. Mkono wa raia ni wa mkuki na wa kikombe. Kusoma je? Kusoma ni kutumwa na mtu asiyekuwapo.

Tuseme wazi, maana hadithi hii haina haya: Gharibu aliwadharau. Aliwadharau asubuhi wakipakana mafuta wapigane mieleka uchi, kisha wakiwaita wageni washenzi kwa sababu wamevaa suruali. Aliwadharau mchana, wamekaa kwenye kivuli cha nguzo wakibishana kama jiwe lina roho, na aliyebeba jiwe akipita mbele yao jasho linamtoka, hakuna anayemuuliza yeye. Aliwadharau zaidi walipolitamka neno demokrasia, wanavyolizungusha mdomoni kama mtu anayekula tende asiyetaka kufika kwenye kokwa. Lakini dharau ya mtu asiye na haki ni mali ya sandukuni. Hailiwi, haivaliwi, na siku ukiitoa nje unapigwa nayo. Kwa hiyo Gharibu aliikunja vizuri, akawa mtu mpole.

Siku ya hadithi yetu ilikuwa Siku ya Vigae.

Mara moja kila mwaka Mji uliogopa. Uliogopa asije akatokea mtu mmoja akawa mkubwa kupita wenzake, akawakalia kichwani. Basi kila raia aliokota kigae cha chungu kilichovunjika, kikachorwa jina la yule anayemwogopa, akakitumbukiza katika mtungi mkubwa uwanjani. Vigae vikifika elfu sita, vinasomwa. Na sheria ilikuwa fupi, imechongwa chini kabisa ya Ukuta: Ambaye jina lake halikupitwa na jina jingine kwa wingi, na atoke. Siku kumi za kuaga, miaka kumi ya kukaa mbali. Hapigwi, hatukanwi, nyumba yake haiguswi. Na kwa kuwa hatupwi ila mkubwa, kutupwa kulikuwa heshima, na wajukuu wa waliotupwa walitembea mjini kifua mbele.

Asubuhi hiyo watumwa wawili wa Mji walipita sokoni wakivuta kamba ndefu iliyochovywa kwenye rangi nyekundu, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakiwaswaga raia kuelekea uwanjani kama kuku. Maana watawala hawa wa nafsi zao walikuwa hawaendi kujitawala mpaka wafukuzwe. Aliyezubaa akaguswa na kamba alibaki na mstari mwekundu nguoni, akachekwa wiki nzima. Kulikuwa na wazee waliokuwa na mstari mgongoni tangu ujana wao.

Na pale uwanjani palikuwa na saa ya maji. Mtumwa aliyeitwa Manesi, mlinzi wa saa na msomaji wa Mji, aliiziba tundu lake kwa kizibo cha nta. Siku ya Vigae maji hayadondoki mpaka raia wa mwisho apige kura, na maji yasipodondoka, jua haliruhusiwi kusogea. Likasimama utosini, likatulia. Lilikwishazoea amri za watu wale.

Gharibu akakaa chini kwenye mkeka wake karibu na mtungi, msumari mkononi. Ndevu zake zilikuwa nyeusi. Kando yake alikuwa binti yake Mwanakheri, miaka saba, meno ya mbele hana, anachora herufi mchangani kwa kidole. Mama yake alikuwa amefariki katika mwaka mmojawapo wa Evandro.

Evandro akaja kabla ya foleni kuanza. Alivaa kinyago cha maigizo, kile chenye mdomo wazi na huzuni iliyochongwa, kwa kuwa siku hiyo hakutaka kuonekana ana wasiwasi.

"Wewe," alisema ndani ya kinyago. "Unajua watu wanasema nini?"

"Sijui, bwana."

"Wanasema watanitoa mimi. Wanasema Evandro amezidi." Sauti ilikuwa na hofu, na chini ya hofu, kuringa kidogo. "Sasa sikiliza. Wakija hapa wakataja Evandro, wewe andika mshindani wangu, Kalimo. Wote. Andika Kalimo mpaka mkono ukatike. Nani atajua?"

"Manesi anasoma, bwana."

"Manesi atasoma kilichoandikwa. Ndiyo kazi yake." Akainama, kinyago kikamkaribia Gharibu usoni. "Mimi nikitoka lango lile, jiwe jeupe unalijua lilipo. Wewe na huyu..." Akamtazama Mwanakheri kama mtu anavyolitazama tikiti sokoni, kabla ya kulipiga kwa kidole lisikike kama limeiva. "Huyu nani hii, mtoto wako."

"Nawe, bwana? Kigae chako niandike nani?"

"Mimi sishiki kigae," alisema Evandro. "Nitashikaje takataka na ninyi mpo?"

Akaenda zake. Miaka saba alikuwa amemdhamini mtoto yule, na jina lake hakulijua.

"Baba," Mwanakheri aliuliza, "lile neno refu pale juu linasemaje?"

"Demokrasia."

"Ndiyo nini?"

"Utawala wa watu."

"Watu ni nani?"

"Wanaume."

"Na wewe?"

"Wanaume waliozaliwa na baba wa hapa na mama wa hapa."

"Na Manesi kazaliwa hapa."

"Yeye ni mtumwa, mwanangu."

Mtoto akahesabu kwa vidole, akimtoa huyu na kumtoa yule, mpaka vidole vikabaki viwili. "Sasa mbona lisiandikwe utawala wa hawa?"

Gharibu akamwambia anyamaze, akamtuma nyumbani akalete chakula.

Foleni ikaanza. Wa kwanza alikuwa mtu mnene mwenye mstari mwekundu begani. Akasimama mbele ya mkeka, akakohoa, akatanua miguu. Raia hakuweza kutaja jambo lolote mbele ya watu bila ya kujitaja mwenyewe kwanza, ndiyo desturi yao, hata akienda kununua vitunguu.

"Mimi," alisema, na sauti ikazunguka uwanja, "ni Filando mwana wa Likoni, wa Mtaa wa Wafinyanzi, mtu huru niliyezaliwa na mtu huru!" Akapumzika ili watu walimeze hilo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetema kipande cha kucha, "Andika Evandro."

"Amekukosea nini, bwana?"

"Hajanikosea. Ila kila mkutano analia. Akisema ngano anatoa machozi, akisema mitaro anatoa machozi. Nimechoka."

Gharibu akashika kigae. Msumari ukasimama hewani.

Niandike Evandro? Basi nimemuuza mtoto. Mwanakheri juu ya jiwe jeupe, mdomo wake wazi ili mtu atazame meno. Meno hana, watasema, punguza bei.

Niandike Kalimo? Basi mwaka huu tumepona, na mwakani atarudi na kinyago chake, na mwaka wa mwakani, na mimi nitakuwa mkono wa Evandro mpaka nizikwe, halafu mkono utakuwa Mwanakheri. Kuna kuuzwa mara moja, na kuna kuuzwa kila mwaka ukaambiwa ushukuru.

Na huyu Filando anaona nini akinitazama? Msumari. Anaona msumari umekaa kwenye mkeka. Hawa huwaambia misumari majina yao mazima mazima, baba na mtaa, halafu yule wanayetaka kumharibia maisha wanamtaja kama kikohozi. Wanapenda nini hasa? Nani hapa kamwogopa Evandro? Hakuna. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumfikiria mtu mwingine muda wa kutosha hata amwogope.

Ukweli ni kwamba hakupanga. Wapo watakaosema alipanga, na yeye baadaye alisema hivyo, lakini hakupanga. Mkono ulichoka kungoja kichwa, ukaandika kile ambacho mwenye kigae alikisema kwa moyo. Gharibu alipotazama chini, alikuta ameandika: Filando mwana wa Likoni, wa Mtaa wa Wafinyanzi.

Akampa. Filando akakipokea, akakigeuza juu chini, akakitazama hivyo hivyo kichwa kikiwa miguuni. "Umeandika vizuri," alisema. "Refu."

"Ametajwa kwa heshima, bwana."

"Sawa. Mimi si mtu wa chuki." Akatumbukiza jina lake mtungini, akaenda kuangalia mieleka.

Akaja wa pili, akasema mimi ni fulani mwana wa fulani, wa Mtaa wa Mizeituni, andika Evandro. Gharibu akaandika fulani mwana wa fulani. Akaja wa tatu. Wa kumi alitaka Kalimo, kwa kuwa jogoo wa Kalimo huwika mapema, akaandikiwa jina lake mwenyewe. Wa arobaini hakujua anamtaka nani, alikuja kwa sababu ya kamba. Naye akaandikiwa lake. Kalimo mwenyewe akaja, mtanashati, ananukia, akaomba Evandro atupwe kwa ajili ya manufaa ya wote, na akaondoka na Kalimo mkononi. Nyani haoni kundule. Hawa waliandikiwa kundu, wakaisifu hati yake.

Jua liko utosini. Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko maisha ya baadhi ya watu. Waliokuwa mwisho wa foleni walipata mvi wakingoja, na wengine wakafa wamesimama, na wana wao wakasogea hatua moja mbele, wakashika vigae vya baba zao na majina ya baba zao, na foleni haikuonyesha pengo. Anayefika mkekani anasema mimi ni Timasi mwana wa Timasi, na hata yeye hakuwa na hakika ni Timasi yupi. Gharibu hakujali. Kwake ulikuwa mdomo mmoja, unaofunguka na kufumba mara elfu sita, na neno lililotoka humo lilikuwa moja: mimi, mimi, mimi.

Mwanakheri akaleta chakula mara ya pili. Alikuwa msichana sasa, meno yamekamilika, kanga kajifunga kiunoni. Akaweka sahani chini, akaokota kigae kilichokwisha kuandikwa, akakisoma. Akaokota cha pili.

"Shikamoo, baba. Nini hiki unafanya?"

"Marahaba. Naandika wanachosema."

"Wanasema Evandro. Nimewasikia tangu sokoni."

"Hicho ndicho wanachosema mwisho."

Akakaa chini, akafikiri. Alikuwa na tabia ya kufikiri akimtazama mtu moja kwa moja, tabia mbaya kwa binti asiye na mwenyewe. "Unawacheza shere."

"Si wanajicheza wenyewe?"

"Na wakijua? Watatuua kabla hata ya kutuuza."

"Watajua kwa kutumia nini, mwanangu? Macho hawana."

"Baba," alisema polepole, "unalifanya hili ili tupone, au kwa sababu inakufurahisha?"

Gharibu akashika kigae kingine. Alikuwa na mtu mkekani, anajitaja.

Mara ya tatu alipokuja alikuwa mwanamke mzima, na ndevu za baba yake zilikuwa nyeupe mpaka kifuani, na raia wa mwisho alikuwa anatumbukiza jina lake la mwisho. Manesi akang'oa kizibo. Tone likadondoka, tap, na jua likashtuka likaanza kuteremka.

Mtungi ukainamishwa. Manesi, naye sasa kikongwe, akaokota kigae cha kwanza, akakisoma kwa macho. Akamtazama Gharibu. Wajuao kusoma katika Mji ule walikuwa wachache, na walikuwa na namna yao ya kutazamana. Kisha Manesi akapaza sauti iliyosomea Mji vifo na vita vyote:

"Filando mwana wa Likoni, wa Mtaa wa Wafinyanzi! Moja!"

Filando akasimama taratibu. Miaka yote ya uhai wake jina lake halikuwahi kusomwa mbele ya Mkutano. Uso ukamwiva. "Ndimi," alisema. "Ndimi huyo! Kuna mtu ananiogopa!"

"Timasi mwana wa Timasi, wa Mtaa wa Mizeituni! Moja!"

"Mimi!"

Na ikawa hivyo. Mmoja mmoja walisimama, wanavuta nguo begani, wanainamia majirani. Walipongezana. Mkewe Filando alikuwa juu ya paa pamoja na wanawake wengine, maana wanawake hawakuingia uwanjani, akamnong'oneza jirani yake, "Huyu anaogopwa na nani? Mimi mwenyewe namchunga asianguke kisimani." Debe tupu haliachi kuvuma, na hapa yalivuma elfu sita kwa zamu.

Jina la mwisho liliposomwa, watu wakaanza kuona kwamba wote wamesimama.

Kalimo ndiye aliyeuliza. "Sasa, aliyezidi ni nani?"

"Hakuna," alijibu Manesi. "Kila mmoja ana moja."

"Basi hakuna wa kutoka."

Manesi akawageuzia Ukuta, akausoma mstari wa chini, neno kwa neno, kama alivyousoma kila mwaka. Ambaye jina lake halikupitwa na jina jingine kwa wingi, na atoke. "La kwako, bwana Kalimo, limepitwa na lipi?"

"Hakuna."

"La bwana Filando?"

Kwa muda mfupi sana, mfupi kama kupepesa, Gharibu aliogopa: watacheka, watamwita mtu mmoja asome vigae upya, wataniona. Ilitosha mmoja wao aseme, hebu ngojeni, hivi mimi nilimtaja nani? Lakini swali hilo lilihitaji mtu awe tayari kuwa mdogo tena, na jina lake lilikwisha kusomwa uwanjani.

"Sheria ni sheria," alisema Filando, na kifua chake kikapanda. "Mimi nimetupwa. Siwezi kuwanyima watu walichotaka."

"Hata mimi!" alipiga kelele Timasi. "Unadhani umetupwa peke yako?"

Wakaanza kugombana nani atoke kwanza. Walizungumza habari za sanamu ambazo watu wangewachongea kwa majonzi, na hakuna aliyefikiri ni nani angebaki wa kuona majonzi. Mtu mmoja alitaka Mkutano ukae ubadilishe sheria, akaambiwa aliyetupwa hana sauti mkutanoni, akakubali, tena kwa fahari. Siku kumi waliaga. Siku ya kumi, mchana kweupe, walitoka langoni elfu sita, kila mmoja akitembea mbali kidogo na mwenzake, kwa kuwa mtu mkubwa hutupwa peke yake. Sheria haikusema lolote juu ya wake zao, maana haikuwahi kusema lolote juu ya wake zao. Wanawake walisimama barazani wakawapungia, kisha wakaingia ndani wakapumzika.

Walibaki wanawake, watumwa, wageni, na Evandro. Yeye alijifungia nyumbani. Katika raia wote ni jina lake tu ambalo halikusomwa.

Siku ya kumi na moja watu walikwenda sokoni bila ya kamba. Hakuna aliyejua la kufanya. Wakamwendea Gharibu, kwa kuwa yeye alijua herufi, na kwa kuwa tayari ilikuwa inasemekana kwamba alipanga yote. Wakamuuliza visima vigawanywe vipi, akawajibu. Wakamuuliza milango ya maghala ifunguliwe na nani, akawajibu. Wakamletea kiti cha jiwe alichokuwa akikalia Evandro wakati wa mikutano. Akakataa, wakamsihi, akakaa. Jiwe lilikuwa limechongwa vizuri, lilikaa mgongoni sawasawa. Kufika alasiri alikuwa amekwisha kusema "sisi" mara nyingi.

"Mzee Gharibu," aliuliza Manesi, "sasa kwenye daftari tumwandike nani? Watu ni nani?"

"Sote," alisema Gharibu. Akafikiri. "Sote tuliokuwapo Siku ya Vigae. Wakija wengine kesho, tutawatazama."

Mwanakheri alikuwa ameegemea nguzo. Akanyanyua kichwa.

Ndipo Evandro akatokea, hana kinyago. Uso wake ulikuwa mdogo, uso wa mtu yeyote. Mkononi alikuwa ameshika kigae. Akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpisha njia zamani, na sasa hawakumpisha, akafika mbele ya kiti chake mwenyewe.

"Gharibu," alisema. Lilikuwa jina sahihi, lilimtoka kwa shida. "Niandikie langu. Kimoja tu kinatosha, nitakuwa sawa nao. Siwezi kukaa hapa, mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyemtaka atoke. Wananicheka."

Na machozi yakamtoka, kama alivyolia kwa ngano na kwa mitaro, na safari hii pengine yalikuwa ya kweli. Gharibu akamtazama. Miaka yote aliyoikunja sandukuni ikafunguka, ikanukia. Hakuwa na haraka. Alimtazama juu mpaka chini, kama mtu anavyolitazama tikiti.

"Mdhamini wako nani?" aliuliza.

Soko zima likacheka. Gharibu hakucheka, ila midomo yake ilicheza. "Maana hapa," aliendelea, "mtu asiye na mdhamini, jiwe jeupe unalijua lilipo."

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja akamshika Evandro mkono, kwa mzaha tu, au si kwa mzaha, akamvuta hatua moja kuelekea jiwe. Kigae kikamponyoka, kikaanguka.

Mwanakheri akatoka kwenye nguzo, akakiokota. Akauchukua msumari uliokuwa miguuni pa baba yake. Watu wakadhani anamwandikia Evandro, wakampisha. Akachuchumaa, akaandika bila ya haraka, kwa mkono uliojifunza mchangani, akapuliza vumbi. Kisha akasimama, akamwekea baba yake kigae mapajani, akamtazama moja kwa moja.

Kilikuwa kimeandikwa: Gharibu mwana wa Nasibu.

Maisha yake yote katika Mji ule hakuwahi kuliona jina lake limeandikwa. Herufi zilikuwa zimenyooka, nene, zimekaa kwa nafasi, na jina la baba yake lilikuwamo. Aibu ilikuja, ndiyo, ilikuja na moto wake ikampanda mpaka masikioni. Lakini haikuwa ya kwanza kufika. Kabla yake, kwa muda wa pumzi moja, mbele ya binti yake aliyekuwa akimtazama, Gharibu alifurahi kuona limeandikwa vizuri.